Barua kwa Mkalimani: Tumbo Linasokota na Siku Haijafika

Wasomaji wapya huuliza kwa nini safu ya ushauri amepewa mkalimani wa mahakama aliyestaafu, si daktari wala shehe. Sababu za mhariri anazijua mwenyewe. Mimi ninachojua ni kwamba maisha yangu yote ya kazi niliyapitisha hatua mbili kutoka kwa watu waliokuwa katika siku yao ngumu kuliko zote, nikiyapokea maneno yao kwa Kiswahili, Kigiriama au Kidigo na kuyafikisha kwa hakimu kwa Kiingereza. Mtu akiwa na hofu, mkalimani huiona kabla hata wakili wake hajaiona. Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: siku yangu inakuja na mimi siwezi kutulia. Nimechukua nne.

*Shikamoo Mzee Mkalimani. Mimi ni mama wa miaka 58, nauza mahamri na mbaazi hapa Likoni. Marehemu baba alijenga nyumba ya Kiswahili kule Majengo kwenye ardhi ya watu, ile desturi yetu ya nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi naye amefariki, na sasa wanawe wanasema baba alikuwa mpangaji tu na nyumba ni yao. Nitatoa ushahidi baada ya wiki tatu. Tangu nipewe tarehe tumbo linanisokota, usiku silali, mahamri yananiungulia, wajukuu nawafokea bure. Ya nyumba ile nayajua yote, lakini naogopa nikisimama mbele ya hakimu nitasahau miaka. Jirani ananiambia niyakariri maelezo yangu neno kwa neno. Mwingine ameniletea kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, ninywe. Nifanyeje nitulie? (Mama Mahamri, Likoni)*

Marahaba, dadangu, na pole kwa mzigo.

Tuanze na tumbo. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu akihisi hatari, tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo hukimbia, damu huelekezwa kwenye misuli ya mikono na miguu ili upigane au utoke mbio, na tumbo, kwa kuwa kusaga chakula si kazi ya haraka wakati huo, hupunguziwa mgao wake. Mate hukauka, vidole hutetemeka. Mwili hautofautishi wakili na nyoka. Basi tumbo hilo halikutabirii kwamba utashindwa kesi, wala halisemi kwamba wewe ni dhaifu. Likiendelea hata baada ya kesi, muone daktari.

Sasa swali lako. Unauliza ufanyeje utulie. Kwa niliyoyaona, anayezitumia wiki tatu kuutafuta utulivu hufika mahakamani na hofu mbili: ya kesi, na ya kuonekana ana hofu. Mashahidi waliosimama vizuri mbele yangu wengi wao walikuwa wanaogopa. Niliziona karatasi zikitikisika mikononi mwao. Ila walishakijua chumba kilivyo, walijua maswali huja kwa mpango gani, na walijua watafanya nini swali likiwapiga chenga. Hofu ilikaa pale pale, wao wakaendelea na kazi. Kwa hiyo nakupa kazi.

Nenda mahakamani kabla ya siku yako. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, isipokuwa za watoto na baadhi ya mambo ya kifamilia. Vuka feri asubuhi kama utakavyovuka siku yenyewe, ingia, zima simu, inamisha kichwa kwa heshima, kaa benchi la nyuma. Mtazame shahidi anaposimama. Sikiliza anavyoapishwa: Mwislamu kwa Qur'ani, Mkristo kwa Biblia, na asiyetaka kiapo huthibitisha tu kwamba atasema kweli. Tazama vyoo viko wapi. Nacheka, lakini ninamaanisha. Mtu mwenye tumbo kama lako akijua choo kilipo, nusu ya shida imekwisha.

Utaona pia kwamba maswali huja mara tatu. Kwanza wakili wako, ambaye haruhusiwi kukulisha majibu, kwa hiyo maswali yake yatakuwa mapana: "Ieleze mahakama nyumba hii ilijengwa lini." Kisha wakili wa upande wa pili, na huyo ndiye unayemwota usiku. Huyo anaruhusiwa kukuwekea jibu mdomoni: "Si kweli kwamba baba yako alikuwa akilipa kodi ya nyumba?" Mwisho wakili wako husimama tena kuyanyoosha yaliyopinda. Wengi hawaijui hiyo duru ya tatu, wakapigania kila neno katika ya pili kana kwamba hawatasikika tena.

Kukariri, sahau. Katika kesi za madai kama yako, maelezo yako yaliyoandikwa huwa yamewekwa kwenye jalada mapema, na unaweza kuulizwa kama unayakubali yawe ushahidi wako. Yasome hayo kwa makini, na ukiona kosa mwambie wakili wako sasa, si siku hiyo. Lakini usiyameze neno kwa neno. Shahidi aliyekariri huenda vizuri mpaka aulizwe jambo la tatu kabla ya la kwanza. Hapo hutawanyika kama tasbihi iliyokatika uzi, na hakimu huona. Aliyeishi jambo lake anaweza kuingilia mlango wowote.

Hofu yako ya miaka ina dawa nzuri, na hii ndiyo niliyotamani kila shahidi wa kesi za nyumba aijue. Miaka peke yake haikai kichwani. Ishikize kwenye mambo ambayo mji mzima unayakumbuka. Mzee Kenyatta alifariki hapa hapa Mombasa Agosti 1978. Baba alikuwa ameshaezeka au bado? Daraja jipya la Nyali la 1980, je, wakati huo mlikuwa mmeshahamia? Msiba wa feri ya Mtongwe ni Aprili 1994, na mtu wa Likoni hausahau. Mvua za El Niño ni 1997. Ukuta wa nyuma ulianguka mwaka huo au mwingine? Kaa na ndugu zako wakubwa ambao si mashahidi, kunywa nao kahawa, uyapange yako wewe mwenyewe uliyoyaona. Usichokishuhudia usikidai. Na pale usipokuwa na uhakika, "kati ya 1979 na 1980" ni jibu la mtu mkweli. "Sikumbuki" nalo ni jibu kamili. Sijaona hakimu aliyemchukia shahidi kwa kusema hakumbuki. Niliona wengi wakipoteza imani kwa shahidi aliyekumbuka kila kitu.

Kisha fanya mazoezi kwa mdomo, umesimama. Mtafute mpwa au jirani asiyekuonea haya, akae kitini na karatasi yako. Akuulize kuanzia katikati, arudi mwanzo, akukatize, akuulize jambo lile lile tena kwa sauti ya dharau. Asikufundishe jibu hata moja, maana jibu ni lako na lazima liwe kweli; anachokuzoesha ni kukatizwa. Mara ya kwanza utakasirika. Mara ya pili utacheka. Baada ya hapo dharau ya wakili utaikuta imeshachakaa masikioni mwako.

Siku yenyewe, nakupa siri moja ya chumba kile: tazama kalamu ya hakimu, au vidole vyake kama anatumia kompyuta. Anayaandika maneno yako. Sema sentensi mbili, nyamaza mpaka aache kuandika, endelea. Hakimu atakushukuru moyoni, mkalimani akiwepo atakuombea dua, na wewe umejipatia nafasi ya kuvuta pumzi bila mtu kujua kwamba unaihitaji. Pumzi yenyewe iwe hivi: ivute kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita. Moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa pumzi, ndiyo maana kutoa kunapaswa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wale wanaokwambia "vuta pumzi kubwa" na kuishia hapo wamekupa nusu ya dawa. Anza kuizoea sasa, ukisubiri mafuta yapate moto, maana pumzi inayojaribiwa kwa mara ya kwanza kizimbani haisaidii sana.

Zungumza Kiswahili. Mahakama za chini zinatumia Kiingereza na Kiswahili, na wanawake wengi wa pwani hii wamejiumiza kwa kujibu kwa Kiingereza cha kubabaisha ili wasionekane hawakusoma.

Na kuna jambo ambalo hakuna atakayekuambia: huenda ukavuka alfajiri, ukakaa benchini mpaka adhuhuri, kisha kesi ikaahirishwa. Nimeona watu waliostahimili maswali makali wakalia kwa ajili ya tarehe mpya. Lipange hilo pia. Waambie wanao tangu leo kwamba linaweza kutokea. Beba maji na mahamri yako mwenyewe. Likitokea, andika tarehe, rudisha karatasi kabatini, uendelee na biashara mpaka siku chache kabla.

Hadi wakati huo, kesi ipe muda wake wa siku, tuseme baada ya Alasiri, nusu saa. Wasiwasi ukija saa nyingine uambie usubiri Alasiri. Baada ya Isha karatasi zisiguswe. Kombe sina neno nalo, na dua tutakuombea. Lakini anayekuambia kombe linatosha, kwenda kuiona mahakama hakuna haja, huyo usimsikilize.

*Asalaam aleikum. Mwanangu yuko kidato cha nne shule ya kutwa hapa Kisauni, KCSE imekaribia. Husoma mpaka saa nane za usiku. Madaftari yote ameyapaka rangi ya manjano, lakini kwenye mtihani wa majaribio anasema yote yalimpotea, akaona karatasi tupu. Wiki iliyopita nimekuta muguka mfukoni mwake. Mimi humwamsha alfajiri na kumkumbusha kwamba yeye ndiye tegemeo letu, baba yake amekopa kwenye chama kwa ajili ya karo. Nimfanyie nini atulie? (Mama wa Mtahiniwa, Kisauni)*

Waaleikum salaam, mama. Muguka kwanza. Majani yale yana kathinoni, kichangamshi kinachomfanya mtu akodoe macho na kuona akili imewaka. Anahisi anasoma. Lakini ubongo huyatengenezea makao yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala, na mwanao usingizi ameufukuza. Msimpige. Mtafute mjomba wake, au yeyote anayemstahi, aongee naye kando. Na nyinyi wazazi mpeni ruhusa ya kulala. Nasema ruhusa kwa sababu katika nyumba nyingi za watahiniwa hapa kwetu, kijana kulala saa nne usiku ni kama kosa la jinai.

Sasa hizo rangi za manjano. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena na tena; wengine walivifunika wakaandika walichokumbuka. Dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye mambo yakageuka, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi. Mwanao yuko kundi la kwanza. Ukurasa alioupaka rangi na kuusoma mara kadhaa anaujua kwa sura, kwa hiyo anadhani anaujua. Chumba cha mtihani hakimwoneshi ukurasa, kinamtaka autoe kichwani, na hilo hajawahi kulifanyia mazoezi. Halafu tunasema ana wasiwasi! Wasiwasi upo, lakini umekuja baada ya kutafuta kitu na kukikosa.

Basi daftari lifungwe. Achukue karatasi tupu aandike yote anayoyakumbuka juu ya mmeng'enyo wa chakula, au ngeli za nomino, chochote cha siku hiyo. Kisha afungue, asahihishe kwa kalamu nyekundu, na kesho aanze na yale mekundu. Itamuudhi. Ataona hajui mambo aliyodhani anayajua, na heri ayaone mezani kwako kuliko Novemba.

Karatasi ya Insha ya Kiswahili hupewa saa 1 na dakika 45. Je, amewahi kukaa nyumbani muda huo mfululizo, simu ikiwa kwako, saa ukutani, akaandika insha mbili mpaka mwisho? Watahiniwa wengi huandika insha nzuri wakiwa wamelala kitandani na nzi wanapita. Jumamosi asubuhi, saa ile ile ya mtihani, mkalishe mezani na karatasi ya mwaka uliopita. Wadogo zake wacheze nje kama kawaida, usiwanyamazishe. Siku ya siku msimamizi atakuwa anatembea kati ya madawati na mwenzake wa jirani atakuwa anakohoa. Azoee pia kufanya hivi: swali la kwanza likimshinda, aweke alama kando, aende kwenye analolijua, arudi. Alizoee mpaka mkono ufanye wenyewe, kwa sababu mtu aliyeshtuka habuni mbinu mpya.

Lipo na jambo jingine dogo. Mwaka 2011 Ramirez na Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika dakika 10 kabla ya mtihani kuhusu wasiwasi wao juu ya mtihani huo huo. Wale ambao huwa na hofu nyingi ya mitihani walifanya vizuri zaidi walipoandika kuliko walipoachwa hivi hivi. Maelezo yao ni kwamba hofu hukalia nafasi ile ile ya akili inayohitajika kufikiria, na kuiandika huipunguzia makao. Mwanao anaweza kuandika nyumbani kabla ya kutoka, kisha achane. Usiokote vipande ukasoma, mama.

Na hapo nafika kwako. Unamwamsha kijana alfajiri na kumwambia yeye ndiye tegemeo na baba amekopa. Analijua hilo. Analijua hata akiwa usingizini, kama angelala. Unapolirudia unampa mtihani wa pili wa kufanya pamoja na wa kwanza, na huu wa pili hauna karatasi ya mwaka uliopita. Deni la chama mlizungumze wewe na baba yake chumbani, mlango umefungwa. Asubuhi mpe chai, viazi na neno la kawaida kabisa: leo jua kali, chukua kofia. Sizipendi pia zile hotuba za "jiamini, unaweza!" ambazo wageni wa heshima huja kuwapa watahiniwa shuleni. Aliyejiandaa hazimwongezei kitu, na ambaye hajajiandaa zinamdanganya.

*Ami, nimeitwa usaili wa kazi Jumanne ijayo kwenye kampuni moja ya mizigo pale bandarini Kilindini. Nikiulizwa kwa Kiingereza sauti hukatika na mikono hutetemeka. Rafiki yangu anasema kuna kidonge cha moyo, propranololi, ukimeza kimoja hutetemeki kabisa. Nilikuwa na pumu utotoni, siku hizi hunijia mara chache. Nimeze? (Kijana wa Changamwe)*

Usimeze.

Dawa hiyo huzuia adrenalini isifanye kazi kwenye moyo, na ni kweli kwamba madaktari humwandikia mtu mmoja mmoja waliyempima. Lakini huzuia pia kwenye mapafu. Kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa, na ile dawa ya kuvuta unayoitegemea ikashindwa kuifungua. Pumu ya "mara chache" ni pumu. Rafiki yako anakupenda, ila si daktari, na muuza duka la dawa atakayekupa bila kukuuliza una maradhi gani naye mwepuke.

Kutetemeka kwenyewe kunaweza kutumika. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ya watu waliotakiwa kuimba mbele ya wengine, kutoa hotuba na kufanya hesabu. Walioambiwa wajisemee kwamba wana hamu na jambo hilo walifanya vizuri kuliko walioambiwa wajisemee kwamba wametulia. Mimi naona mantiki yake: moyo umeshakimbia, kuusimamisha ni kazi kubwa, kuuelekeza ni rahisi zaidi. Basi ukiwa nje ya mlango jisemee una hamu ya kuwaeleza kazi yako. Na uwe nayo kweli, maana mwenye kuhoji anaisikia.

Ili uwe nayo, chagua visa vichache vya kazi ulizowahi kufanya: siku mzigo ulipokwama, siku ulipogombana na mwenzako na mkamaliza kazi, siku ulipogundua hesabu haikubali. Visimulie kwa Kiswahili kwanza mpaka vikae sawa, kisha kwa Kiingereza, kwa sauti, umesimama. Jirekodi kwenye simu ujisikilize. Utajichukia sauti, wote hujichukia, endelea. Kiingereza kinachokatika mara nyingi ni Kiingereza ambacho mdomo haujawahi kukitoa hadharani. Ukiulizwa swali usilielewe, omba lirudiwe. Kumwomba mtu arudie swali hakujamkosesha kazi mtu yeyote niliyemfahamu, na kujibu swali ambalo halikuulizwa kumewakosesha wengi.

Jumanne mbili huna, lakini kesho unayo: toka Changamwe saa ile ile uone foleni ya Makupa inakula muda gani. Shati lipige pasi Jumatatu mchana. Stima za kwetu hazina habari na usaili wa mtu.

*Mzee, nikahi yangu ni Ijumaa ya wiki ijayo hapa Kibokoni. Bwana simwogopi, namtaka. Ninaowaogopa ni watu. Simu hainyamazi, mama na mashangazi hawaelewani kwa lolote, kila jambo naletewa mimi niamue, na mimi naishia kulia chooni. (Bi Harusi Mtarajiwa)*

Mwanangu, hongera. Lako ni jepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu wewe huna cha kujiandaa nacho zaidi ya wewe mwenyewe kufika umekula na umelala. Kilichobaki ni shughuli, na shughuli ina wenyewe.

Simu mpe somo wako, yule mama anayekufunda, kuanzia Jumatatu, yeye ndiye awe anapokea. Keti na mama mara moja, mwambie mambo matatu unayoyataka kwa dhati: nguo, mpambaji, na rafiki yako anayetoka mbali awekewe mahali pa kulala, au yoyote mengine uyatakayo. Mengine yote mwachie yeye na shangazi mkubwa, na wakigombana juu ya rangi ya vitambaa vya meza, wagombane. Wamekuwa wakigombana kabla hujazaliwa na wanapendana. Usiwe hakimu wao. Mpishi wa biriani akisema mchele umepungua, hiyo ni habari ya ami yako. Na hina wakupake Jumatano mapema, miguu na mikono hadi viwiko: mwenye hina mbichi hatumwi dukani, haitwi jikoni kuonja, wala hawezi kushika simu hata mwenyewe akitaka.